Acha Injini Ikohoe

Mbeya, Jumamosi alasiri

Anyesi mwanangu,

Kamwene. Najua tumeamkiana asubuhi, jioni tutakula sahani moja, na kesho nitakubebea sanduku mpaka stesheni. Lakini barua bila salamu ni utovu wa adabu, hata kama anayeandikiwa yuko ng'ambo ya barabara tu.

Wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga watu wa kanisani, na nyie wawili mkianza kuaga hamrudi kabla ya jua kuzama. Nimeiteka meza ya chakula, nimefunga mlango, nimemfukuza jogoo wa mama yako dirishani mara mbili, sasa naandika. Habari za sweta, za kuchemsha maji ya kunywa, za kutowaazima watu vitu vyako, mama yako amekwisha kuzisema na stesheni atazisema tena. Mimi sizigusi. Nina jambo moja tu, na linanihusu mimi zaidi kuliko linavyokuhusu wewe.

Unakwenda kusomea urubani! Ngoja niliandike tena, maana nafurahi kuliona kwenye karatasi: Anyesi binti yangu anakwenda kusomea urubani. Barua ya chuo nimeisoma mpaka mikunjo yake imechanika. Nimemsomea mchinjaji, nimemsomea mchungaji, juzi nimemsomea mtu aliyekuja kuuliza njia tu. Pale wanaposema wewe ndiwe msichana pekee katika darasa, hapo napasoma kwa sauti ya juu kidogo. Acha wasikie.

Tatizo ni kwamba kila anayenipa mkono ananiambia, "Damu yako hiyo, Mzee. Si ndiwe uliyemwokoa mtoto angani?" Na wewe mwenyewe, kwenye insha uliyowapelekea chuoni, umeandika kwamba unataka kuwa rubani kwa sababu baba yako, injini ilipotaka kuzimika juu ya Usangu, hakuogopa, akaituliza kwa ujuzi wake, ukafika hospitali Iringa ukiwa hai. Uliponionyesha nakala nilikusifia mwandiko.

Hadithi hiyo si ya kweli, mwanangu. Ukiondoka nayo hivyo ilivyo, ukaiamini, siku moja itakuua. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu badala ya kukaa barazani na watu nikijisifu.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimekazana, reli bado inajengwa, na mama yako yuko kitandani na mdogo wako mwenye siku nne. Bibi yako, mama yake mama yako, alikuwa amekuja kutoka Kalenga kumuuguza mzazi. Hapo ukaanza kulia tumbo, upande wa kulia, mpaka ukashindwa kunyoosha mguu. Hospitali wakasema ni kidole tumbo, kinataka kupasuka, na daktari wa upasuaji amesafiri. Aliyepo karibu yuko Iringa. Kwa barabara, katika mvua zile, usingefika. Ndege ndogo ya misheni niliyokuwa nikiiendesha ilikuwa uwanjani, viti vinne, injini moja. Nikasema nakupeleka mwenyewe.

Sasa nani wa kukushika njiani? Mama yako hata kusimama hawezi. Akabaki bibi yako. Shida yangu ilianzia hapo, na wala haikuwa shida ya injini.

Unakumbuka bibi yako na mimi tulivyokuwa tukiishi. Yule ni mama mkwe wangu. Mimi Mhehe, yeye Mhehe wa zamani zaidi. Miaka kumi na mitatu tulikuwa hatujatazamana usoni. Nikiingia, anatoka kwa mlango wa jikoni. Akipita uani, nageukia ukuta. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mtoto, hata kama mtoto mwenyewe bado ananyonya: "Mwambie baba yako kuni zimekwisha." Na mimi namjibu huyo huyo mtoto. Heshima hiyo niliipenda, sikufichi. Nilitaka akirudi Kalenga aseme binti yake ameolewa na mtu.

Basi mtu huyo leo aingie kwenye ndege ambayo goti la wa nyuma linagusa mgongo wa wa mbele! Aliingia amejifunika blanketi mpaka machoni, akakaa nyuma yangu, akapakata kichwa chako, akageuzia uso dirishani. Nikamsikia akikuambia wewe, ambaye wala ulikuwa husikii, "Mwambie baba yako tuko tayari."

Mkwe amesema yuko tayari. Nimkalishe hapo kwenye baridi, mtoto analia, huku mimi nachezea vishikio? Kabla ya kuruka tunapaswa kujaribu kila kitu, na kimojawapo ni kile kishikio cheusi kilicho pembeni ya kile cha mafuta. Wewe unakijua, ila nakieleza kama vile hukijui, kwa sababu siku ile mimi ndiye niliyekuwa kama sikijui. Ukikivuta, hewa iliyopashwa moto na bomba la moshi inaingia kwenye kabureta na kuyeyusha barafu. Ukikirudisha, inaingia hewa ya kawaida. Basi, sikukijaribu. Nikaondoka.

Na tuseme ukweli wote, hata siku nyingine nilikuwa nakijaribu kwa mazoea tu. Chuoni, mwalimu alipofundisha habari za barafu, nilikaa nyuma nikichora ng'ombe kwenye daftari. Barafu ni ya Ulaya, nilijisemea. Mimi nitaruka juu ya mpunga wa Usangu, barafu itanipatia wapi? Sikujua kwamba petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta inaipoza hewa vibaya sana, hata kama nje mtu anatokwa jasho. Sikujua kwamba siku ya hatari ni ile ya kawaida kabisa, yenye unyevunyevu, ya kuvaa sweta na kuvua. Mwezi wetu wa tatu wote uko hivyo.

Tukaruka. Mawingu yalikuwa chini. Nikapita katikati ya milima kuelekea Chimala, na tulipotokea upande wa bonde nikapunguza mafuta ili nishuke chini ya mawingu. Mpunga umetanda kijani mpaka macho yanapoishia. Wewe ukaacha kulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Nikatazama saa ya mizunguko ya injini, mshale umeshuka kidogo. Nikaongeza mafuta, ukapanda. Baada ya muda umeshuka tena. Nikaongeza tena, wala sikujiuliza. Barafu huja hivyo, Anyesi, haipigi hodi. Inakuomba kidogo, unaipa, inaomba tena, na wewe unadhani ni mkono wako tu haujatulia.

Tulipokaribia Rujewa injini ikaanza kutetemeka. Hapo, Mungu ni mwema, nikalikumbuka lile somo nililochorea ng'ombe. Nikakivuta kishikio cheusi mpaka mwisho. Nilifanya sawasawa kabisa! Ningekiacha pale pale, leo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Lakini nilipovuta, injini ilikohoa. Weee! Ilikohoa, ikapiga mlio wa bunduki, ndege nzima ikatikisika, na mizunguko ikashuka zaidi ya mwanzo. Sasa najua sababu: barafu inayeyuka, maji yanapita ndani ya injini, lazima iteseke kidogo kabla haijapona. Siku ile sikujua. Ila kutojua siko kulikourudisha mkono wangu. Hili ndilo sijamwambia mtu yeyote wa nyumba hii.

Niliona aibu. Nyuma yangu bibi yako alivuta pumzi kwa kishindo, nami nikawaza: mkwe anasikia ndege yangu inakohoa. Mkwe atasema binti yake kaolewa na dereva wa mkokoteni. Nikakirudisha kile kishikio, injini ikanguruma vizuri kwa muda, nikapumua. Nikageuza kichwa nusu, nikasema nikikuelekea wewe, "Mwambie bibi hakuna tabu, ni upepo tu."

Upepo! Haki ya Mungu nilisema upepo.

Dakika mbili hazijapita, mtetemo ukarudi, mkubwa kuliko wa kwanza. Nikavuta. Ikakohoa. Nikarudisha. Ikatulia, lakini sasa utulivu wenyewe ulikuwa wa kuchoka, na tulikuwa tunashuka. Nikaanza kuona ng'ombe, kundi kubwa la wale wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Nikaona pembe. Nikamwona mchungaji ameinua fimbo kutuonyeshea, sijui alitaka twende wapi. Mbele yetu majaruba ya mpunga ya Ubaruku, maji magotini. Ukitua humo magurudumu yananasa, ndege inapinduka kifudifudi, na ndani yumo mtoto mwenye tumbo linalotaka kupasuka. Tena kulikuwa na jambo moja ambalo bado sikulifikiria: joto la kuyeyusha barafu linatoka kwa injini yenyewe. Injini ikizimika, vuta kishikio mpaka kikatike, hakuna joto. Kila niliporudisha mkono nilikuwa nakula muda wako.

Nikavuta mara ya tatu. Ikakohoa. Mkono ukaanza kurudi wenyewe.

"Baba Anyesi!"

Mwanangu, nilidhani ni malaika. Miaka kumi na mitatu sijawahi kuisikia sauti ile ikinielekea mimi. Nikageuka, nikamwona mama mkwe wangu uso kwa uso, blanketi limeanguka mabegani, macho makali hayana hata chembe ya woga.

"Hicho kidude unakivuta unakirudisha, unakivuta unakirudisha. Unakirudisha kwa nini?"

"Mama, nikikivuta injini inakohoa."

"Ikikohoa ndiyo nini? Mtoto akikohoa unamziba mdomo?"

"Hapana, Mama, lakini..."

"Ulikivuta kwa sababu gani? Ni dawa ama si dawa?"

"Ni dawa, Mama."

"Basi iache ifanye kazi! Iache ikohoe, itoe uchafu wake! Mwanamume mzima unaogopa kikohozi!"

"Mama, tukianguka..."

"Tukianguka tutaanguka nikiwa nakutazama hivi hivi. Shika!"

Nikashika. Nilikivuta kile kishikio mpaka mwisho, nikasukuma mafuta yote, nikalaza pua ya ndege kidogo isije ikapoteza mwendo, nikashika. Injini ilikohoa mpaka meno yangu yakagongana. Ikanyamaza kabisa, ikapiga tena. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, sijui kwa nini, na nyuma yangu bibi yako naye akahesabu kwa Kihehe. Majaruba yakawa yanapita chini ya magurudumu, nikaona watu wamesimama kwenye maji na miche mkononi wakitutazama kwa midomo wazi. Tulikuwa tumefika ishirini na kitu. Halafu, Anyesi, ile injini ikasafisha koo!

Ikanguruma. Mshale ukapanda, ukapanda, ukapita pale ulipokuwa tulipotoka Mbeya. Pua ikainuka. Wale watu wa Ubaruku wakarusha miche yao juu, na mama mkwe wangu, mzee wa heshima zake, mzee wa kanisa, akapiga vigelegele ndani ya ndege mpaka masikio yakaniziba. Nami nikapiga kelele. Nikaimba, mimi nisiyejua kuimba. Ukafumbua macho ukauliza, "Bibi, tumefika?" Bibi akakuambia, "Bado, mama, lala, baba yako anaimba." Kishikio sikukirudisha mpaka nilipoliona bomba la moshi la kiwanda pale Iringa.

Wakakupasua saa ile ile. Daktari alitoka akasema nusu saa zaidi na asingeahidi kitu. Ukapona. Kovu unalo.

Sasa sikia bibi yako alivyokuwa. Ndege ilipogusa ardhi Iringa, kabla hata haijasimama, alilivuta blanketi mpaka machoni, akageukia dirisha, akasema, "Mwambie baba yako ametua vizuri." Na ikawa hivyo mpaka Mungu alipomchukua. Hakunisemesha tena ana kwa ana hata siku moja. Kalenga nzima aliieneza habari kwamba mkwe wake aliituliza injini angani kwa mkono mmoja. Ile hadithi unayoijua ilitoka kwake. Hakutaka watu wajue kwamba alimkemea mkwe usoni, na mimi sikutaka watu wajue kilichomfanya anikemee. Tukatunziana siri, kila mmoja kwa heshima yake, na sifa zote nikala mimi. Nimezila miaka saba.

Kuna mmoja nilimdhulumu zaidi. Niliporudi Mbeya niliandika kwenye daftari la ndege: maji kwenye mafuta. Maana yake fundi hakuangalia kazi yake. Fundi Ambakisye wetu huyu, mwenye kofia ya sufu, anayekuita "rubani" tangu una miaka sita. Alimwaga mafuta yote, akayachuja kwa kitambaa siku mbili, hakupata tone la maji. Siku ya tatu akaniita karakana. Akachovya kitambaa kwenye petroli, akanifunga mkononi, akaupepea. Mkono ukauma kwa baridi.

"Mafuta yangu ni safi," akasema. "Hii ndiyo iliyokukuta huko juu. Ulivuta?"

"Nilivuta."

"Ukarudisha?"

Nikaanza kukifungua kitambaa mkononi. Akanitazama weee, kisha akasukuma daftari mbele yangu.

"Kafute ulichoandika, ndugu yangu. Mimi nina watoto pia."

Nilikata mstari mbele yake, nikaandika: barafu, kosa la rubani. Lakini nilipotoka karakana ile nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu nikipiga mluzi. Ule ulikuwa ushindi wangu wa kwanza wa kweli, maana wa angani ulikuwa wa bibi yako. Tangu siku hiyo kila rubani mgeni anayefika Mbeya namkalisha chini namweleza yote, aibu na upepo vikiwemo. Wote wanajua. Ni ninyi tu wa nyumbani nisiowaambia, kwa sababu ninyi ndio mliokuwa mkinitazama kwa macho yale.

Usidhani niliendelea kuwa mjinga. Miaka miwili baadaye nilimbeba ofisa mmoja mwenye haraka zake, mwezi wa saba, baridi inachoma. Mawingu yalikuwa yameziba njia yote, nikapanda juu sana kuyavuka, nikaingia kwenye wingu moja ambalo sikupaswa kuliingia. Mara nikaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa bawa. Kioo cha mbele kikafifia. Hii sasa ni barafu ya nje, ile ya Wazungu yenyewe, imenifuata mpaka nyumbani! Ndege ikawa nzito, usukani mvivu. Sikungoja hata nukta moja. Nikavuta cheusi, nikageuza polepole, maana bawa lenye barafu halitaki ukali, nikashuka upande wa Usangu nilikojua hakuna mlima na hewa ina joto.

"Unakwenda wapi?" ofisa akauliza. "Nina mkutano!"

"Tunarudi. Kuna barafu."

"Barafu Afrika?" Akacheka. "Bwana, wewe ni mwoga."

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikamjibu. "Leo ninaogopa sana."

Nilisema kwa sauti kubwa, na nilisikia raha, sijui nikuelezeje. Chini kidogo ule ukoko ukaanza kubanduka vipande vipande na kupiga ubavu wa ndege kwa kishindo, na ofisa akaacha kucheka akanishika bega. Tulitua Mbeya tulikotoka. Mkutano ulifanyika bila yeye, na nchi bado ipo.

Naandika haya yote kwa sababu ya huko uendako. Huko, mwanangu, kila mtu atakuwa mkwe wako. Walimu watakutazama. Wavulana darasani watakaa wakingoja injini yako ikohoe wapate kucheka. Utatamani kila kitu kisikike vizuri masikioni mwao. Mimi nilitaka kisikike vizuri masikioni mwa mwanamke mmoja tu aliyejifunika blanketi, ikabaki kidogo nimuue mtoto wangu. Ikikohoa, acha ikohoe mbele yao wote. Wacheke mpaka wachoke. Wewe utakuwa umekwisha kutua.

Hapo ndipo nilitaka kumalizia. Nimesimama nikazunguka meza, nikanywa maji, nimerudi. Kuna la mwisho, na ni gumu kuliko yote.

Mwezi uliopita tulipotoka Iringa na wale wauguzi wawili, nilikuachia usukani kama nilivyozoea kukuachia tukishakaa sawa angani, jambo ambalo wakubwa hawalijui na wasilijue. Juu ya bonde mshale ulishuka. Uliona kabla yangu. Ukavuta kishikio mpaka mwisho bila kuuliza mtu, na injini ikakohoa, ikatikisika, na nyuma muuguzi mmoja akalia, "Yesu wangu!" Mkono wangu ukaenda kwenye kishikio. Wewe ukaupiga kofi. Macho yako yakiwa mbele, hukunitazama hata kidogo, ukasema, "Toa mkono, Baba." Nikatoa. Ukangoja. Ilikohoa sana, nawe ukangoja umetulia tuli, mpaka ikanguruma safi. Kisha ukawageukia wale wauguzi ukawaambia, "Samahani, ilikuwa barafu. Imekwisha."

Usiku wake ukamsimulia mama yako huku unacheka: "Leo Baba alinijaribu njiani, alijifanya anataka kukirudisha. Nikampiga kofi!" Mama yako akacheka, nami nikacheka, nikasema nimekupa alama zote.

Sikuwa nakujaribu, Anyesi. Nilisikia yule muuguzi akilia nyuma yangu, na miaka yote hii, na yote niliyowafundisha watu, mkono ulikwenda wenyewe. Ulikuwa unakwenda kukirudisha kweli. Siku ile tulikuwa watu wanne kwenye ndege ile, na rubani alikuwa mmoja tu, na hakuwa mimi.

Nenda, mwanangu. Nimelala usingizi mzuri kila usiku tangu siku hiyo.

Baba yako